Nimerekebisha programu huria ya maji kupwa na kujaa. Niitume vipi bila kumuudhi mwenye mradi?

Kijana_wa_Langoni (Lamu)

Asalaam aleikum wadau. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Lamu mjini, msimbo nimejifunza mwenyewe kwa kupapasapapasa. Kuna programu moja huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha) inayoonyesha saa za maji kupwa na kujaa, na manahodha wengi wanaopita dukani nimewawekea. Mwenye mradi ni mtu mmoja tu, yuko Ulaya, anaifanya akitoka kazini.

Tatizo lake ni hili: maji ya usiku wa manane yanaandikwa siku isiyo yake. Maji yakijaa Ijumaa saa saba na dakika ishirini usiku, programu inayaweka kwenye ukurasa wa Alhamisi. Nahodha anayetaka kupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, usiku huo akifungua Ijumaa hayaoni, na Mkanda mnaujua, maji yakipwa chombo chenye shehena hakipiti. Nilipofungua msimbo nikakuta siku inakatwa saa sita ya usiku ya UTC, ile saa ya kimataifa. Sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo chochote kinachotokea kati ya saa sita na saa tisa usiku kinarudishwa jana. Kwake yeye tofauti ni saa moja, majira ya joto mbili, nadhani ndiyo maana hajaiona.

Nilivyoingia humo mkono haukutulia. Nimetafsiri programu nzima kwa Kiswahili, nimeongeza alama ya bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo), nimebadilisha rangi za vitufe (juani havionekani), nimepanga upya msimbo kwa zana ya kunyoosha mistari, na nimeingiza saa za Lamu za mwaka mzima kutoka kile kitabu cha jedwali kinachouzwa. Vyote viko kwenye tawi moja, yaani nakala yangu ya kazi ya msimbo, na sijatuma bado.

Je, nitume kwa mpigo? Nimwandikie barua pepe kwanza? Kiingereza changu cha kuungaunga, nimwachie roboti aniandikie? Na akinyamaza, nimkumbushe vipi?

---

FundiMsimbo (Malindi)

Wa aleikum salaam kaka. Hiyo ya UTC umeiona vizuri, wengi wangesema tu "programu yenu mbovu" na kuondoka. Lakini tafadhali usitume kwa mpigo.

Mimi nina maktaba ndogo ya msimbo niliyoiweka wazi, si kubwa, ila wageni wanakuja. Acha nikwambie ninachokiona mimi upande wa pili. Ombi la kuunganisha, yaani la kunitaka nipokee mabadiliko yako, linafunguka likiwa na mistari myekundu iliyotolewa na ya kijani iliyowekwa. Kwako marekebisho ya UTC nahisi hayafiki mistari kumi. Ukishaipitisha zana ya kunyoosha mistari, kila faili linakuwa jekundu na kijani tangu juu mpaka chini, na hiyo mistari kumi imezama humo. Mimi mwenye mradi siwezi kujua ni wapi umebadilisha maana na wapi umesogeza nafasi tu. Ni saa nne usiku, nimechoka, kesho kazini. Ninafunga kompyuta. Wala sijakuchukia, nimeshindwa kukusoma tu.

Kisha kuna jambo la pili ambalo wageni hawalifikirii: ukishaunganishiwa, msimbo si wako tena kwa maana ya mzigo. Miaka miwili ijayo alama yako ya bamvua ikikosea, anayeamshwa ni yeye. Kwa hiyo kila kitu kipya unachompa ni kazi mpya unayomwachia, hata kiwe kizuri vipi. Kurekebisha hitilafu kunampunguzia mzigo, nyongeza inamwongezea. Anza na ile inayompunguzia.

Fanya hivi. Soma faili la CONTRIBUTING (maelekezo kwa wachangiaji) kama lipo, kisha tafuta kwenye tiketi (ripoti za hitilafu na maombi ya mradi), na zile zilizofungwa usiziruke, pengine mtu wa India au Indonesia ameshalalamikia jambo hilihili. Kama halipo, fungua tiketi ya UTC peke yake. Usubiri kidogo. Akikubali kwamba ni hitilafu, anzisha tawi jipya kutoka tawi kuu la mradi, si kutoka hilo lako lililojaa, uhamishe ile mistari michache tu, pamoja na jaribio, yaani msimbo mdogo wa kupima kama marekebisho yanafanya kazi. Jaribio lenyewe liwe rahisi: majira ya Africa/Nairobi, maji kujaa saa 01:20, siku itoke Ijumaa. Liendeshe kwanza kwenye msimbo wa zamani ulione likifeli, ndipo uliendeshe kwenye wako. Jaribio ambalo halijawahi kufeli halijathibitisha kitu.

Hilo tawi lako kubwa usilifute. Liite jina lingine, liwe ghala lako.

---

NahodhaMstaafu (Matondoni)

Msimbo siujui, naja kwa upande wa mai. Mwanangu, una hakika kosa ni la siku na si la mai yenyewe? Huku kwetu siku za bamvua mai hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa kama saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Mai ya kujaa saa saba usiku basi ni ya siku tatu nne kabla ya bamvua. Ukimwambia huyo mtu "kila siku programu inakosea" ataangalia yeo, ataona iko sawa, atakuona muongo.

---

FundiMsimbo

Mzee, hapo umetufanyia kazi yote. Hiyo ndiyo sababu hitilafu inakuja na kupotea. Maji kujaa yanaingia kwenye lile dirisha la saa sita mpaka saa tisa kwa siku tatu nne hivi, kisha yanatoka, yanarudi nusu mwezi nyingine. Kijana, liandike hilo kwenye tiketi. Na umpe tarehe halisi moja aifungue mwenyewe.

---

BintiShela

Kuhusu tafsiri: angalia kwanza kama mradi unatumia Weblate, mfumo wa kutafsiri programu mtandaoni. Miradi mingi huria inatafsiriwa humo, na ukituma mafaili ya tafsiri kwa njia ya ombi la msimbo yanagongana na yanayotoka Weblate. Mimi nimetafsiri miwili humo, huigusi Git (zana ya kutunza matoleo ya msimbo) kabisa.

Humo utakutana na mambo ya ngeli. Waandishi wa programu hupenda kugawa sentensi vipande: "dakika", namba, halafu kipande kinachosema zimebaki. Kwa Kiswahili dakika moja imebaki, tano zimebaki, na wakitumia kipande hichohicho kwenye maji inatakiwa yamebaki. Usilazimishe tafsiri chakavu, fungua tiketi ndogo umwombe sentensi iwe nzima na namba iwe ndani yake. Ukimweleza kwa mfano mmoja huwa wanakubali, kwa sababu si Kiswahili peke yake kinachoumia.

Na saa! Usigeuze 13:20 kuwa saa saba na dakika ishirini kimyakimya. Watalii wanaotumia simu hizo kwa Kiswahili watapotea. Hilo ni la kuuliza, liwe chaguo la mtumiaji.

---

BandoLimeisha (Malindi)

Mnamchosha bure. Leseni inaruhusu, chukua nakala, ipake rangi zako, itie jina lako, weka dukani Play. Kumfanyia Mzungu kazi ya bure na bado umbembeleze?

---

FundiMsimbo

@BandoLimeisha kuchukua nakala ni haki yake, sibishi. Lakini asome leseni kwanza. Ikiwa ni GPL, mojawapo ya leseni za programu huria, akiisambaza itambidi naye atoe msimbo wake kwa masharti hayohayo na aache majina ya waliotangulia. Na baada ya hapo kila toleo jipya la Android ni shida yake peke yake, kila hitilafu atakayoiziba yule wa Ulaya itabidi aihamishe kwa mkono. Kwa vitufe vya rangi nyingine? Tena asisahau hata sisi huku tumetoa: Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilianzia Kenya Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, msimbo wake uko wazi na umetumika nchi nyingi. Hatukusema wakalipe kwanza.

Sasa maswali yako yaliyobaki, Kijana.

Roboti: kukunyooshea sarufi ni sawa. Kukuandikia ripoti usimwachie. Anajaza maneno matamu na mambo ambayo hukuyafanya, "nimejaribu kwenye vifaa mbalimbali" wakati umejaribu Tecno moja. Daniel Stenberg, mwenye mradi wa curl (zana ya kuhamisha data mtandaoni), amelalamika hadharani mara kadhaa kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na roboti zinazokula muda wa watu wake. Kiingereza kifupi chenye makosa kinasomeka. Andika ulichokiona wewe.

Kukumbusha: mpe wiki mbili, kisha mstari mmoja wa upole ndani ya tiketi ileile. Usimfuate kwenye barua pepe binafsi wala X. Na usiandike "watu wanasubiri, harakisha". Kuna sababu hilo linawatia watu homa. Mradi wa xz, zana ya kubana mafaili, ulikuwa na mtu mmoja aliyechoka. Mwaka 2022 zikaja akaunti za watu wasiojulikana kumshinikiza aongeze msaidizi, msaidizi akapatikana, na mwaka 2024 ikagundulika kwamba msaidizi huyo ametia mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund ndiye aliyeugundua, kwa kuwa kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta iliyo mbali) kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunda naye akataka kujua kwa nini. Tangu hapo mgeni mwenye haraka anatazamwa mara mbili, na sidhani ni makosa.

Lile jedwali la kitabuni litoe kabisa. Kitabu kina haki zake, na kuinunua nakala si ruhusa ya kunakili saa za mwaka mzima kwenye mradi wa watu. Ukilitia humo unamwingiza yeye matatani. Programu kama hizi hukokotoa maji kwa namba maalumu za kila kituo, kubwa kuliko zote ni ile ya mwezi yenye mzunguko wa saa 12.42. Lamu ina kipima maji, na takwimu zake zimo kwenye hifadhi ya kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii. Muulize mwenye mradi anapata wapi namba za vituo na anakubali vyanzo gani. Hiyo iwe tiketi ya baadaye.

Rangi za vitufe mimi ningeziacha. Mweleze shida, juani havionekani, mwache yeye achague dawa. Umeitwa kupakua boriti, usukani una mwenyewe.

---

Kijana_wa_Langoni

Ahsanteni sana. Bando, wazo lako nimelisikia, ila duka lenyewe linanishinda. Nimeandika rasimu, nitaigeuza Kiingereza. Niambieni:

"Habari. Natumia programu yako Lamu, Kenya (UTC+3), toleo jipya la wiki hii, kwenye Tecno yenye Android 13. Maji yanayotokea kati ya 00:00 na 03:00 kwa saa za hapa yanaonyeshwa kwenye siku iliyotangulia. Haitokei kila siku: kujaa kunaangukia saa hizo kwa siku tatu nne kila nusu mwezi. Hatua: weka majira ya Africa/Nairobi, chagua kituo cha Lamu, fungua tarehe niliyoiweka hapo chini. Nilitarajia kuona kujaa kwa 01:20, badala yake kuko ukurasa wa jana. Nadhani siku inakatwa kwa UTC, kwenye faili la kupanga siku. Nina marekebisho madogo pamoja na jaribio, nikutumie? Hili ni kosa kubwa sana kwa sababu wavuvi wetu wanaweza kufa. Ahsante kwa programu."

---

BintiShela

Nzuri mashallah. Toa hiyo ya kufa. Sema tu nahodha anaweza kukosa wakati wa kupita mlango wenye maji machache. Ukweli wake unatosha. Picha ya skrini pia, ila zile arifa za juu zifiche, kuna jina la mtu na namba.

---

NahodhaMstaafu

Na umuulize kituo hicho cha Lamu kimepimwa wapi. Mai ya gatini na mai ya Mkanda hayaendi pamoja.

---

FundiMsimbo

Mzee, hilo liwe tiketi yake peke yake, nalitaka sana.

Kijana, ondoa pia "toleo jipya la wiki hii", weka namba yenyewe, iko kwenye ukurasa wa Kuhusu. Mengine yako sawa. Ukishatuma weka kiungo hapa tuone. Na ninyi wengine nawaomba: tusiende kumjazia mtu maoni ishirini ya "hata mimi". Mwenye kuiona hitilafu hiyo kwenye simu yake aweke dole gumba chini ya tiketi. Mwenye simu ya aina nyingine au toleo jingine la Android, huyo aandike.

---

Kijana_wa_Langoni

Nimetuma sasa hivi, na namba ya toleo nimeiweka. Kiungo nakitia jioni nikifunga duka, hapa pana foleni ya watu wa chaji.