Klopidogreli: kwa nini chembe sahani hushikana kisha zinaachana?

Chumbageni: Waungwana, niko Tanga, naandaa somo la damu kwa wanafunzi wa maabara. Mgonjwa anameza klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande mishipani. Ukizitia chembe sahani zake (vijichembe vya damu vinavyoziba jeraha) ADP, kemikali inayoziamsha, zinashikana kidogo halafu zinaachana. Kama kipokezi kimezibwa, mbona zinashikana? Na kama Rap1, protini iliyo swichi ya kushikana ndani ya chembe, imewaka, nani anaizima?

FundiDamu: ADP ina vipokezi viwili, na klopidogreli huziba P2Y12 tu. P2Y1 kinabaki wazi, kinapandisha kalisiamu ndani ya chembe. Kalisiamu ikiifikia protini CalDAG-GEFI, hiyo huilegeza Rap1 iachie GDP, molekuli inayoiweka imezimwa. Nafasi ikishakuwa tupu huingia GTP, molekuli ya kuiwasha, maana ndiyo iliyojaa zaidi kwenye seli. Rap1 ikiwaka, protini talini huvutwa kwenye integrini αIIbβ3, mkono wa chembe wa kushikia, nayo integrini inafunguka na kushika fibrinojeni, protini ya damu inayounganisha chembe na chembe. Huko ndiko kushikana unakokuona.

Breki ni protini RASA3: huiharakisha Rap1 ikate GTP iwe GDP. Kwa kawaida P2Y12, kupitia kimeng'enya PI3K, huinyamazisha RASA3. Dawa ikiziba P2Y12 breki haiachiwi, swichi inazimwa mapema na chembe zinaachana.

Mrima: Hapo kwenye breki tilia mkazo sana, wengi hufundisha kuwasha tu. Panya wenye RASA3 iliyoharibika huishiwa chembe sahani, kwani zinawaka zenyewe na mwili unaziondoa. Nao watu wenye kasoro ya jeni ya RASGRP2, inayotengeneza CalDAG-GEFI (ilielezwa 2014), hutokwa damu kwa urahisi ilhali hesabu ya chembe ni ya kawaida.

Chumbageni: Ahsanteni sana. Nataka waone kwa macho. Sampuli itatoka Pangani.

FundiDamu: Basi tumia chupa ya sitreti 3.2% (dawa ya kuzuia sampuli isigande), damu sehemu 9 kwa sitreti 1. EDTA, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, hapana: inafunga kalisiamu ya nje, na bila hiyo integrini haishiki fibrinojeni. Usiiweke kwenye barafu, baridi huzisumbua chembe zikabadilika umbo. Wala isikae garini juani. Nyuzi 20 hadi 24, upime ndani ya saa 4. Zungusha kwa nguvu ya 200 g (mara 200 ya mvutano wa dunia) dakika 10, iache mashine isimame yenyewe, chukua plazima ya juu, maji ya damu yenye chembe sahani. ADP mikromola 5, nyuzi 37, ukikoroga. Weka pembeni damu ya mtu asiyetumia klopidogreli wala aspirini, walinganishe.

Ukipima Rap1-GTP yenyewe, bafa (kimiminika) ya kuvunjia chembe iwe baridi, na magnesiamu milimola 5. Ukichelewa, RASA3 inaendelea na kazi ndani ya kichupa, na hata damu ya mtu mwenye afya itaonyesha swichi imezimwa.