Wateja wa komini ya Kenya wametupwa nchi ya Kenya, na programu inasema OK

MwanaKatuba (Lubumbashi)
Salamu kwenu. Niko kwenye depo ya dawa hapa Lubumbashi, tunapelekea farmasi za Katuba, Kampemba, Ruashi na Kenya, hizo ni komini, yaani wilaya za mji wetu. Patroni anataka kila farmasi iwe na nukta kwenye ramani ili gari lipangiwe njia. Nimelipitisha faili letu la Excel kwenye programu inayogeuza anwani kuwa latitudo na longitudo. Safu ya status karibu yote ni OK. Patroni amefurahi, mimi bado. Farmasi za komini ya Kenya zimeangukia katikati ya nchi ya Kenya, latitudo karibu na 0, na sisi tuko -11.6! Za Chaussée de Kasenga zimerundikana kwenye nukta moja. Zingine zinasema RANGE_INTERPOLATED, nyingi APPROXIMATE, na kuna safu ya partial_match yenye true. Nibakize zipi?

YayaNdosho (Goma)
Mdogo wangu, hiyo OK haisemi lolote kuhusu farmasi yako. Inasema ombi lilifika na jibu fulani likarudi, hata kama jibu lenyewe ni nchi nzima.

Zile ambazo si OK usizitie kapu moja. ZERO_RESULTS: anwani imesomwa, hakuna kilicholingana. INVALID_REQUEST mara nyingi ni kisanduku kitupu kwenye faili. OVER_QUERY_LIMIT haihusu anwani kabisa, umepita kiwango ulichoruhusiwa; zirudishe baadaye.

Sasa location_type, safu inayosema nukta ni sahihi kiasi gani. ROOFTOP ni jengo lenyewe. RANGE_INTERPOLATED ndiyo ninayoichukia: programu inajua namba za kwenye njia panda mbili, zilizo katikati inakadiria. Kipande kikianza na 2 kikaisha na 98, namba 50 inawekwa nusu ya njia. Hesabu nzuri kwa mji ambao namba zimejipanga. Huku kwetu lupango (kiwanja) moja linagawiwa ndugu watatu, inazaliwa 24 bis, na anayefuata anajipa namba anayoipenda. Na hapa Goma, lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, watu wakajenga upya juu yake. Nenda kakadirie hapo. Mimi naona afadhali APPROXIMATE, maana inakiri kwamba haijui mlango. Ile nyingine inatoa desimali nyingi na dereva anaiamini.

Kasenga yako nadhani ni GEOMETRIC_CENTER, yaani katikati ya barabara nzima. Panga faili kwa koordineti: nukta inayojirudia kwa farmasi tofauti karibu kila mara ni kitovu cha barabara au cha komini.

Za Kenya, tazama safu ya types, inayotaja aina ya mahali palipopatikana. Ukiona country, futa bila huruma. Partial_match ikiwa true, sehemu tu ya ulichoandika ndiyo iliyolingana: imeshika "Kenya", mengine imeyaacha. Andika "Commune Kenya, Lubumbashi", kisha weka kichujio cha nchi kwenye components, mpangilio wa ombi unaozuia nchi zingine. Usitegemee mpangilio wa region, huo unapendelea nchi tu, hauzuii zingine.

motari_Kadutu (Bukavu)
Mimi si mtu wa kompyuta, nabeba mizigo kwa pikipiki. Ramani ya tajiri mmoja iliwahi kunielekeza ndani ya ziwa Kivu. Ibanda, komini ya hapa Bukavu, ina ncha zinazoingia majini, kwa hiyo kitovu kinaweza kuangukia popote. Mwambie mwenye farmasi akutumie lokalizasyo (mahali alipo) kwa WhatsApp, lakini akiwa amesimama mlangoni pa duka. Wengine wanatuma usiku wakiwa kitandani, unafika unakuta mbwa.

MwanaKatuba
Asante yaya, asante kaka. Lokalizasyo nikiipata naiandikaje kwenye Excel bila kuchanganya desimali? Excel yangu ni ya Kifaransa, inataka koma. Na ile alama ya nchi ya herufi mbili ya kuweka kwenye kichujio, ni CG au CD?

YayaNdosho
Tumia plus code, anwani fupi ya mahali inayoonekana kwenye Google Maps: herufi na tarakimu, jumla 8, alama ya +, kisha 2 nyingine. Inatoshea kisanduku kimoja, haina koma wala nukta, na inataja mraba wa mita karibu 14 kwa 14. Kwa lupango inatosha. Ongeza safu ya kuonyesha nukta imetoka kwa programu au kwa mtu, na ukirudia kazi programu isiguse za watu.

CD. CG ni Kongo ya Brazzaville.