Naomba ushauri: kuweka reli ya demani kwenye mashua ndogo ya tanga

Ndugu wanachama, salaam. Nina mashua ya faiba yenye urefu wa futi 16 ninayoiendesha Ziwa Viktoria, upande wa Entebbe. Kwa sasa roda (puli) ya demani, yaani kamba ya kuvutia na kulegezea tanga kuu, huteleza juu ya kamba nyingine iliyofungwa ubavu hadi ubavu huko tezi (nyuma ya mashua), nami ningependa kuweka mahali pake reli ya alumini yenye kigari cha gololi cha kubeba roda hiyo. Upepo mwepesi hauna shida; lakini tunapobisha (kwenda kinyume cha upepo kwa kupinda-pinda) alasiri, upepo wa ziwani ukishakaza, roda hukimbilia upande wa chini ya upepo (unakoelekea upepo), nami hulazimika kuvuta demani mpaka bumu (mti wa chini ya tanga) linashuka na tanga linakuwa bapa kupita kiasi, ilhali nilitaka bumu lisogee katikati tu.

Kinachonitatiza hasa ni ufungaji. Reli huvutwa kwenda juu, na sitaha yangu ni nyembamba: je, ubao mgumu chini yake unatosha kushikilia boliti, au niweke bamba la alumini? Tena, boliti za chuma kisichoshika kutu zikigusana na alumini huleta ulikaji, jambo ambalo maji baridi (yasiyo na chumvi) hulipunguza bila kuliondoa; mnazitengaje? Reli iliyopinda ni ghali zaidi, na sidhani kama mashua hii inaihitaji, ila nitashukuru kusahihishwa.