Kumbukumbu za enzi ya atomu: sarafu ya Oak Ridge, pete, saa ya radiamu au medali ya Atomium?

Kasha la Sarafu (Mombasa)
Salaam wadau. Wengi mnanijua kwa senti zetu za zamani zenye tundu. Safari hii nataka kitu kimoja cha nje, cha miaka ile Wamarekani walipoiona mionzi kuwa burudani ya familia. Nimebaki na vinne:

1. Daimu, yaani senti kumi ya Marekani, iliyopigwa nutroni (chembe ndogo zilizomo kwenye kiini cha atomu) kwenye makumbusho ya atomu ya Oak Ridge, Tennessee, ikafungwa kwenye kifuko cha alumini na plastiki.
2. Pete ya "bomu la atomu" ya Lone Ranger, shujaa wa vipindi vya redio, ya 1947. Watoto waliiagiza kwa senti 15 na kipande cha boksi la nafaka za Kix.
3. Saa ya mkono yenye namba zilizopakwa radiamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae gizani.
4. Medali ya Atomium, Maonyesho ya Dunia ya Brussels, 1958.

Mke wangu anauliza kipi ni salama kukaa sebuleni na watoto. Mimi nauliza kipi kinabeba zaidi habari za zama zile.

Mwalimu wa Fizikia (Morogoro)
Tuanze na swali la mama watoto. Saa itoe kwenye orodha. Radiamu-226 hupungua nusu kwa miaka 1,600, kwa hiyo ya babu yako bado iko vilevile. Watu hudanganyika kwa sababu namba hazing'ai tena usiku, lakini kilichochoka ni salfaidi ya zinki iliyokuwa ikitoa mwanga. Kioo kikifunguka, rangi kavu hupukutika, na vumbi lake likimezwa hukaa kwenye mifupa. Wasichana waliopaka saa hizo New Jersey na Illinois walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo. Taya za baadhi yao zilioza, na wengine wakafa wakiwa vijana.

Sarafu ni habari nyingine kabisa. Daimu ya wakati huo ilikuwa madini ya fedha kwa asilimia 90. Mgeni aliitia kwenye mashine yenye chanzo cha nutroni, atomi za fedha zikameza nutroni na kuwa fedha-108 na fedha-110. Ya kwanza hupungua nusu kila dakika 2.4, ya pili kila sekunde 24 hivi, na karibu zote huishia kuwa kadimi tulivu. Waliipitisha kwenye kipima mionzi cha Geiger mwenyewe asikie inavyotatarika, kisha wakaifunga. Saa moja baadaye hakuna cha maana cha kupima.

Pete nayo imeshakwisha nguvu. Ilikuwa na poloniamu-210, inayopungua nusu kila siku 138.

Nuru (Kigamboni)
Samahanini, mimi sinunui hata kimoja. Baada ya Chernobyl na Fukushima, mtu anawekaje kitu kilichopigwa nutroni karibu na mwanawe?

Mwalimu wa Fizikia (Morogoro)
Dada Nuru, hofu yako sina haki ya kuidharau. Ila pale Ocean Road, Dar, ndugu zetu wanatibiwa saratani kwa mionzi. Uliza ni aina gani, kiasi gani, na imebaki kwa muda gani. Kwa maswali hayo matatu sarafu inapita na saa inaanguka.

Wamarekani wenyewe walibadilika. Makumbusho yale yalifunguliwa Machi 1949, na watu walipiga foleni. Mwaka 1954 bomu la majaribio la Bikini likamwaga majivu juu ya wavuvi wa Kijapani, na hamu ya kutembea na mionzi mfukoni ikaanza kupoa.

Mtoto wa Katanga (Lubumbashi)
Jambo wote. Mkisema Oak Ridge, sisi huku tunasikia Shinkolobwe, mgodi wetu wa urani. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Wamarekani wa bomu la atomu ilitoka kwenye shimo letu. Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Kibelgiji, alishapeleka tani kama 1,200 za mawe hadi Staten Island, New York, mwaka 1940, kabla jeshi la Marekani halijaja kuyaulizia. Tangu 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilikuwa kinatoa radiamu kwenye mawe ya hapohapo.

Ile medali, ndugu yangu Kasha, mimi siwezi kuiweka nyumbani. Atomium ni jengo zuri, mita 102, tufe tisa. Lakini kwenye maonyesho yaleyale Wakongomani waliwekwa kijijini nyuma ya uzio watazamwe, mpaka wakachoka na kurudi kwao. Sikukatazi. Nataka ujue unanunua nini.

Pembe ya Mnada (Minneapolis)
Kaka wa Katanga, asante, hilo lilihitaji kusemwa.

Kasha, chukua sarafu, ila kwa akili. Kwa kuwa mionzi imekwisha, hakuna kipimo cha kuthibitisha kwamba iliwahi kupigwa nutroni. Ushahidi wote uko kwenye kifuko: maandishi ya makumbusho, ukingo usiofunguliwa. Muuzaji akikwambia "bado ina mionzi", achana naye. Soma mwaka pia. Sheria ya 1965 iliondoa madini ya fedha kwenye daimu, kwa hiyo ikiwa ya 1965 au baadaye, inawezekana imebadilishwa.

Zipo pia za Maonyesho ya New York ya 1964 na 1965, zenye jina la Tume ya Nishati ya Atomu. Za Oak Ridge zilipita milioni moja, basi usikubali bei ya kitu adimu. Bado ningechukua ya Oak Ridge, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa wa siri, na urani ya bomu la Hiroshima ilirutubishwa pale. Sumaku za kiwanda cha Y-12, kilichofanya kazi hiyo, zilizungushiwa nyaya za madini ya fedha yaliyoazimwa Hazina ya Marekani, zaidi ya tani 13,000, maana shaba ilikuwa haba vitani. Fedha ya mwisho ilirudishwa 1970.

Kasha la Sarafu (Mombasa)
Nimeelewa, ni Oak Ridge. Kuna zenye kichwa cha "Mercury", yaani kile chenye kofia ya mabawa, na zenye Roosevelt. Ipi?

Pembe ya Mnada (Minneapolis)
Mercury inapendeza zaidi, lakini uchapaji wake uliisha 1945. Roosevelt aliingia kwenye daimu 1946, na ndiye rais aliyeuidhinisha mradi wa bomu. Mimi ningetafuta yake.

Kasha la Sarafu (Mombasa)
Basi Roosevelt. Nikiipata nitaweka picha za pande zote mbili mzikague kabla sijalipa. Mtoto wa Katanga, kama una picha ya zamani ya Shinkolobwe, naiomba. Ile kadi ya maelezo kwenye kabati langu itaanza na Katanga, ndipo ifuate Tennessee.

Mtoto wa Katanga (Lubumbashi)
Nitamuuliza mjomba, alikaa Likasi miaka mingi. Andika pia kwamba mgodi ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004.