Oregon na wenzake ni Big Ten kweli?

Mkazi wa Columbus:
Wadau, hii Big Ten, ligi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, jina linasema kumi, timu ziko 18! 2024 wameingia Oregon, Washington, USC na UCLA, wote wa ufukwe wa Pasifiki. Wakicheza kwao usiku, huku Ohio saa zetu ziko mbele, nalala saa saba na zamu ya ghalani inaanza saa kumi na moja alfajiri. Juzi nimebandika lebo kichwa chini. Hawa ni wenzetu?

Dada Mtwapa:
Pole na usingizi, kaka. Ila Oregon msimu wa kwanza tu waliwafunga nyie Ohio State 32–31, wakabeba ubingwa wa Big Ten bila kupoteza mechi. Muulize Rutgers, yumo tangu 2014 na kombe hilo hajaligusa.

Fundi Simu:
SMU, chuo cha Texas, je? Wamekubali miaka 9 bila mgao wa pesa za televisheni ili waingie ACC, ligi nyingine ya vyuo, na mwaka wa kwanza wakafika fainali yake. Huko ACC, yaani Pwani ya Atlantiki, yumo na Stanford wa California. Jiografia imeuzwa zamani.

Mkazi wa Columbus:
Oregon nawapokea, basi. Ila baadaye kwenye Rose Bowl, robo fainali ya kitaifa, tuliwapiga 41–21, dada, hiyo umeiruka.