Jeli ya PVA ya betri ya zinki inajikunja nikitia chumvi, naomba ushauri

ZinkiJinja: Wakuu, salaam. Betri ni ya zinki na manganisi dioksidi, jeli yenye chumvi inakaa katikati yake. Gramu 10 za PVA (polivinili alkoholi, plastiki inayoyeyuka majini) zinayeyuka vizuri kwenye mililita 90 za maji, ila nikimimina zinki salfeti ya molari 2 (moli 2 kwa lita) yote inageuka nyeupe na kujikunja. Nikipunguza chumvi, inabaki uji. Nibadilishe polima? Zinki natoa kwenye mabati, chumvi ni ya duka la pembejeo.

MkemiaWandegeya: Polima iache, geuza mpangilio. Salfeti huinyang'anya PVA maji yake, ndiyo sababu inajikunja. Gandisha kwanza, chumvi ifuate.

Nyunyiza PVA kwenye maji baridi huku ukikoroga, funika, halafu weka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka viini vyeupe viishe. Huku kwetu maji huchemka karibu nyuzi 96, yanatosha. Moto wa moja kwa moja utaiunguza chini. Mimina kwenye kioo, unene milimita 1. Friza usiku kucha, acha iyeyuke taratibu, rudia mara 3. Ndipo uiloweke saa 24: gramu 57.5 za zinki salfeti yenye maji 7 na gramu 1.7 za manganisi salfeti, jaza maji yaliyokenekwa hadi mililita 100. Itasinyaa kidogo na kukaza, ndivyo inavyotakiwa.

Soma lebo ya PVA: iwe ya hidrolisisi (kiwango cha asetati iliyogeuzwa kuwa alkoholi) 98–99%. Ile ya 87–89% haishiki vizuri kwenye friza.

FundiSola256: Mabati hapana kabisa! Zinki yake ni utando tu, chini ni chuma. Chuma kikijitokeza haidrojeni inatoka, asidi inapungua hapo, yanaota magamba meupe na jeli inabanduka. Chukua kopo la mawe ya redio, lisugue kwa msasa laini, lipanguse kwa spiriti.

Chumvi ya mbolea huwa na shaba na chuma. Tumbukiza vipande vya zinki safi kwenye myeyuko usiku mzima: shaba itavishika kama masizi, kisha uchuje. Chuma hakitoki hivyo. Myeyuko ukiwa wa manjano, nunua chumvi ya maabara.

ZinkiJinja: Asanteni sana. Na kuchaji je?

MkemiaWandegeya: Usipite volti 1.8, na ukitumia simama kwenye 1.0. Anza na miliampia 0.5 kwa sentimita ya mraba. Volti ikianguka ghafla wakati wa kuchaji, ujue sindano za zinki zimetoboa jeli. Mara nyingi ni mgandamizo usio sawa. Bana kwa vioo viwili, vibanio pande zote nne. Upande chanya weka grafiti, maana shaba na alumini zitaliwa.