Mtoto wa paka ana uvimbe tumboni, naombeni ushauri (Wete, Pemba)

BintiLimbani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina mtoto wa paka, jike, mwenye milia ya kijivu. Mama yake alizalia kwenye banda letu la kuni, wenzake wakachukuliwa na majirani, huyu akabaki kwangu. Kwa makisio ana miezi miwili na ushei. Anakula dagaa wa kuchemsha na hana mchezo na mapazia.

Jana usiku kalala chali mapajani mwangu, namkuna tumbo, vidole vikakuta kitu. Katikati kabisa ya tumbo pana kinundu laini, ukubwa wa gololi. Ngozi haina jeraha, manyoya yapo, hakuna joto. Nikikibonyeza taratibu kinazama ndani, na chini yake nahisi kama pana tundu. Akilia au akijinyoosha kinatokeza tena. Haonyeshi maumivu hata kidogo, anakoroma kwa raha na kunitafuna vidole.

Mama anasema ni jipu, likamuliwe. Jirani anasema nimpake mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu. Sijamgusa na chochote, nataka kwanza kusikia kwa waliofuga. Ni kitu gani hiki? Cha kukimbilia kwa daktari leo leo, au kinasubiri? Usingizi sikuupata.

WaKonde
Waalaykum salaam, pole dada. Jipu nalijua, dume langu lilimtoka shavuni baada ya kupigana. Jino la paka linachoma kitundu kidogo, ngozi inaziba juu, uchafu unabaki chini, siku mbili tatu usaha umeshajaa. Lakini jipu lina joto, ukilishika paka anakurukia, na mwenyewe anazubaa, chakula hataki. Na halizami ukilibonyeza. Wako hana hata dalili moja ya hizo. Usikamue kitu usichokijua.

MkulimaMtambwe
Tazama vizuri kama kina kitundu juu. Kuna nzi anataga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo zilizoanikwa zikabaki na unyevu, buu linaingia kwenye ngozi na kuvimbisha kama jipu. Mbwa ndio wanaopata zaidi, ila paka nao hawasalimiki. Katikati utaona kitundu kinatoa majimaji, hapo ndipo buu linapopumulia. Ukiliziba kwa mafuta mazito ya mgando linajitokeza kutafuta hewa, unalisukuma pole pole kutoka pande zote mbili. Lisipasukie ndani, mwili utavimba zaidi.

BintiLimbani
Shukran nyote. Nimemtazama juani, nimetenganisha manyoya kwa kitana. Hakuna kitundu wala majimaji.

MamaShengejuu
Mwanangu, hicho ni kitovu tu. Watoto wetu wakitokeza vitovu tukiwafunga sarafu kwa kitambaa, na kikirudi. Mfunge na yeye. Na hayo mafuta ya makonyo hayana ubaya, sisi tumekulia kwayo.

TibaMifugo_Unguja
Mama Shengejuu, shikamoo. Umepatia kuwa ni kitovu, ila kwa heshima zote naomba nikupinge kwenye tiba, maana hapa pana hatari.

Dada, kwa ulivyoeleza, laini, katikati ya tumbo, kinarudi ndani, hakiumi, hiyo ni ngiri ya kitovu. Paka akiwa tumboni kwa mama yake anapata chakula kupitia uzi wa kitovu, na ukuta wa nyama za tumbo unaacha upenyo kwa ajili hiyo. Akishazaliwa upenyo unatakiwa ufunge. Kwa baadhi yao haufungi sawa sawa, mafuta ya ndani yanachungulia, na mara nyingine kipande cha utumbo. Ukikamua kama jipu unaweza kuuminya utumbo wenyewe.

Sarafu haifungi upenyo. Kitambaa kinakaa na unyevu, ngozi inachubuka, na kama utumbo umetokeza utakuwa umeubana kwa mikono yako.

Mafuta ya makonyo ndiyo yaliyonifanya niandike. Sisi binadamu tunayatumia kwa jino na kwa kuchua, wala hayatudhuru kwa kiasi hicho. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja eujenoli, kemikali iliyomo kwenye karafuu na makonyo yake, na paka chochote unachompaka anakilamba. Kwa mtoto wa miezi miwili ni sumu. Vivyo hivyo Dettol. Na Panadol ndiyo mbaya kuliko zote, kidonge kimoja kinaweza kumuua paka mzima. Nawaombeni sana, hizi dawa za nyumbani msizijaribu kwa paka.

Kinasubiri? Maadamu ni laini na kinarudi ndani, si cha kukimbia nacho usiku, ila wiki hii mpeleke ofisi ya mifugo akashikwe na mtu mwenye ujuzi. Mtie kwenye kikapu chenye mfuniko na kanga kuukuu, usimbebe mkononi kwenye daladala. Siku utakapoona kimekuwa kigumu, hakirudi ndani, kina joto au rangi imegeuka nyekundu au zambarau, au anatapika na kukataa kula, hapo usingoje hata kesho. Maana yake utumbo umenaswa na damu haifiki.

MamaShengejuu
Marahaba mwanangu. Hilo la mafuta silikujua, na humu ndani tuna paka watatu. Nitawaambia na wajukuu.

BintiLimbani
Nimerudi kwa daktari wa mifugo, alhamdulillah. Kampandisha miguu ya mbele asimame, kinundu kikatokeza zaidi, kisha kamlaza chali akakirudisha kwa ncha ya kidole. Ni ngiri, yaliyotoka ni mafuta tu, na upenyo ni mdogo kuliko ncha ya kidole chake. Kasema huenda ukajifunga wenyewe anavyokua. Usipojifunga, nimrejeshe akiwa na miezi mitano hivi, atashonwa siku hiyo hiyo atakayofungwa kizazi, dawa ya usingizi iwe mara moja. Kampa na dawa ya minyoo. Mama kaufunga mjadala wa jipu.

Swali moja: ndugu zake walio kwa majirani nao wana hatari?

TibaMifugo_Unguja
Wanaweza kuwa nayo, huwa inakwenda kwa ukoo. Wape majirani salamu, wawashike tumboni. Na huyo wako asizalishwe hata upenyo ukijifunga.

BintiLimbani
Nimeshapita. Wa nyumba ya pili anacho, kidogo zaidi. Jumatatu mwenyewe anampeleka.

WaKonde
Samahani nachomekea hapa hapa. Kuna paka wa bibi yangu, jike mtu mzima, hakuwahi kufungwa kizazi. Ana kinundu kigumu karibu na chuchu, hakizami wala hakimuumi. Naye tungoje?

TibaMifugo_Unguja
Huyo msimngojeshe. Uvimbe wa chuchu kwa paka jike mtu mzima mara nyingi ni saratani, na ukikatwa ungali mdogo ndipo anapopata nafasi ya kuishi. Kutoumia kusiwapumbaze. Mpelekeni kesho asubuhi, na mumshike chuchu zote, mara nyingi hakiwi kimoja.